Karafuu Maiti kwenye Mkoba wa Mhadhiri

Dokta Mikdad Shomari alikuwa fundi wa kuhadithia, na hiyo ndiyo iliyokuwa tabu yake. Inspekta Mina Msabaha alimuuliza swali moja tu, kinasa sauti chake kilipotea lini, naye akaanzia enzi ambazo minazi ilianza kupandwa kati ya Bagamoyo na Zinga.

"Dokta," Mina alimkatiza, "nimekuuliza lini."

"Ndiko ninakoelekea, afande."

"Basi fika."

Sajenti Yunus, aliyekuwa ameegemea dirisha la ofisi, alikohoa ili asicheke. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa na kituo kilikuwa kimetulia. Mkuu wao alitaka faili hili lifungwe kabla ya swala, ama mtu apelekwe mahakamani, ama mlalamikaji aende zake. Chuo kilikuwa kimeshapiga simu mara mbili, na watu wa chuo wakipiga simu hawajui kuzungumza kwa ufupi.

Dokta Mikdad alifundisha historia. Kwa miaka mingi alikuwa akikusanya masimulizi ya koo za wakulima wa pwani hii, hasa namna walivyotumia minazi kuweka mipaka ya mashamba, na sasa alikuwa anamalizia kitabu. Mazungumzo aliyoyathamini kuliko yote alikuwa ameyarekodi Zinga, nyumbani kwa Mzee Maulidi na mkewe Bi Zuleha. Kabla wiki haijaisha Mzee Maulidi akafariki. Siku ya maziko kinasa sauti kikatoweka.

"Nilikwenda kuzika," alisema. "Nilikuwa na mkoba wangu huu, na kinasa sauti kilikuwamo. Wanaume tulipoinuka kwenda makaburini nikaona si adabu kubeba mkoba nyuma ya jeneza. Nikampa Dokta Adila, mwenzangu wa chuo, aingie nao ndani kwa wanawake. Niliporudi akanirudishia mkoba. Kufika chumbani kwangu nafungua, hamna kitu."

"Hukunakili mazungumzo mahali pengine?"

Dokta Mikdad alijikuna shingo. "Nilitaka kunakili Dar. Kompyuta yangu siiamini."

Mina alimtazama. Mtu anakusanya maneno ya wazee kwa miaka na mikaka, kisha anayatembeza kwenye mkoba kama karanga. Hakumwambia hivyo, lakini uso wake ulimwambia.

"Kwa nini Dokta Adila akuibie?"

"Tuligombana." Sauti ilishuka. "Yeye ni mwanasheria. Anatafiti ahadi za mdomo: mtu akimpa mwenziwe shamba kwa kutamka tu, hiba, bila maandishi, sheria inaichukuliaje. Mzee Maulidi na mkewe walikuwa na habari zinazonifaa mimi na zinazomfaa yeye, kwa hiyo tulikwenda pamoja. Tukakubaliana kuandika makala moja. Kisha tukashindwana jina la nani litangulie."

"Jina," Sajenti Yunus alirudia, kama mtu aliyeambiwa watu wamekatana mapanga kwa ajili ya kijiko.

"Wewe unacheka, sajenti. Kwetu jina la kwanza ndilo linalokupandisha cheo. Adila anaombewa uprofesa mshiriki. Kamati inakaa Jumatatu."

"Na ukimshitaki leo?"

"Kamati haimjadili mtu mwenye kesi." Dokta Mikdad aliangalia mikono yake. "Mimi sitaki aharibikiwe, afande. Nataka mazungumzo yangu."

Mina aliuvuta mkoba, wa ngozi ya kahawia iliyochakaa pembeni, akaufungua na kuukagua mfuko mmoja mmoja. Kalamu. Miwani. Pakiti ya biskuti iliyovunjikavunjika. Kisha akaupindua. Kwenye mishono ya kitako palikuwa na chembe nyeupe zilizojibana.

"Hii nini?"

"Chaki," alijibu Dokta Mikdad bila kutazama. "Mimi mwalimu, afande. Nina chaki mpaka kwenye soksi."

Mina alizigusa kwa kidole, akakipeleka puani.

"Ulipomrekodi Bi Zuleha ulimwomba ruhusa?"

"Bila shaka. Nilimsomea maneno ya ridhaa. Kamati ya maadili inatulazimisha tumsomee kila mtu."

"Maneno gani?"

"Ah, yale ya kila siku." Alipunga mkono. "Kwamba sauti ni yake, kwamba ana hiari, na kadhalika na kadhalika."

Mina alimwacha aende akakae nje, kisha akamsogezea Yunus kidole. Yunus alinusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Karafuu maiti!"

Si karafuu ya pilau hiyo. Ni ile nyeupe yenye harufu kali anayopakwa maiti kabla ya kuvishwa sanda, na mtu akishaisikia msibani mara moja haimpotei.

"Mkoba ulikuwa msibani," Yunus alisema. "Si ajabu."

"Msiba ni mkubwa, sajenti. Nyinyi wanaume hukaa barazani kwenye mikeka, wanawake sebuleni. Karafuu maiti haimwagwi sebuleni."

*

Dokta Adila Kibwana alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya wageni mtaa wa Dunda. Waliingia wakamkuta amekaa kitandani, begi limeshafungwa, nguo ya Jumatatu imetundikwa mlangoni: gauni la kijivu na mtandio wake, vimepigwa pasi mpaka vinasimama vyenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho ya kutolala.

"Nimeshaandika maelezo," alisema baada ya salamu. "Sajenti huyu ndiye aliyenihoji."

"Nimeyasoma. Umesema mkoba uliuweka ndani."

"Ndiyo."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya nyumba."

"Dokta, nyumba ina sebule, ina vyumba, ina jiko. Wapi?"

Dokta Adila alikunja pindo la mtandio wake, akalikunjua. "Nadhani sheria inaniruhusu nisijibu swali hilo."

"Inakuruhusu. Tena inakuruhusu uingie rumande na elimu yako yote." Mina alikuwa amekasirika na hakuficha. "Wewe unajua kitu. Jumatatu unatakiwa mbele ya kamati. Umesomea hiki cheo muda gani?"

"Tangu nikiwa mhadhiri msaidizi, mwanangu wa kwanza yuko mgongoni." Alitazama gauni mlangoni. "Mama yangu ameshawaalika watu, afande. Ameshaagiza na mchele. Nakitaka cheo hiki, wala sijidai kwamba sikitaki."

"Basi niambie nani alikuwa karibu na mkoba."

"Sikuchukua kinasa sauti cha Mikdad. Hilo nitaliapia popote. Zaidi ya hapo siongezi."

Nje, Yunus alikuwa na maoni. "Mwizi, afande. Asiye na hatia hujitetea mpaka povu linamtoka."

"Au anamtetea mwingine."

"Nani sasa? Mimi niliwahoji wote. Nilimuuliza Bi Kuruthumu, dada wa marehemu, ambaye ndiye mwenye msiba pale. Nikamuuliza nani aliingia na nani alitoka. Akanitajia wanawake wote, tena na watoto wao. Nikawapitia wote. Safi."

Kabla Mina hajajibu simu ya Yunus iliita. Kuna mtu alikuwa ameona kinasa sauti kimelala kwenye meza ya Shuaibu, fundi wa simu karibu na stendi. Yunus alifurahi mpaka akasahau kuaga.

Kinasa sauti kilikuwapo kweli, kimefunguliwa tumbo. Yunus alikidaka kama kuku anayetaka kukimbia. Shuaibu, aliyekuwa na bisibisi mdomoni, aliitoa polepole.

"Taratibu, afande. Hicho cha ustadhi wa madrasa. Bonyeza hapo usikie."

Yunus alibonyeza. Watoto wengi walisoma Alhamdu kwa pamoja, mmoja akipiga chafya katikati. Yunus alikirudisha mezani kwa heshima kubwa.

Mina aliinama juu ya kabati la vioo. "Kinatumia betri gani?"

"Hizi nyembamba, udogo wa kidole cha mwisho. Haziendi sana. Wiki hii kanunua bi mkubwa mmoja tu wa Zinga, mwenye msiba. Akasema za redio. Nikamwambia mama, redio inataka kubwa. Akasema nipe hizohizo, nimetumwa."

"Ni mjane mwenyewe, mwenye eda?"

"Mwenye eda atakuja stendi?" Shuaibu alicheka. "Ni wifi yake. Bi Kuruthumu."

Yunus alianza kupapasa pingu kiunoni. Mina alimshika mkono.

"Acha hizo. Twende Zinga. Mchukue na Dokta Mikdad pale kituoni. Na yule mama wa Dunda naye tumpitie."

Safarini Mina alikaa mbele. Nyuma wahadhiri wawili walikaa kila mmoja na dirisha lake, na katikati palikuwa na nafasi ya kutosha kuweka gunia la mkaa. Dokta Adila alipoona gari linaiacha barabara kuu na kuingia njia ya kwa Mzee Maulidi, aliinama mbele.

"Afande, nakuomba. Usiwapeleke wanaume mlangoni kwake."

"Kwa nani?" aliuliza Mina bila kugeuka.

Dokta Adila aligundua amesema zaidi ya alivyokusudia. Akaegemea kiti, akafumba macho.

*

Nyumba ya Mzee Maulidi ilikuwa na uwanja uliofagiwa, na mikeka ya msiba ilikuwa bado imeviringishwa kibarazani. Mina alivua kofia ya kazi, akajifunga mtandio aliokuwa nao kwenye gari, akawaambia Yunus na Dokta Mikdad wasubiri nje. Akapiga hodi.

Bi Kuruthumu alitokea, mnene, mikono ina unga wa muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Poleni na msiba."

"Tushapoa. Kazi ya Mungu." Akaona gari, akaona sare, akapangusa mikono kwenye kanga. "Mmerudi tena? Yule kijana wenu nilishamwambia kila kitu."

"Alikuuliza nini, mama?"

"Aliniuliza nani kaingia na nani katoka. Nikamtajia wote."

"Na ambaye hakuingia wala hakutoka?"

Bi Kuruthumu aliangalia chini. Mdomo wake ulicheza kama mtu anayezuia kitu kati ya kicheko na kilio.

"Huyo hakuniuliza," alisema.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lote, na Mina alitaka kujipiga kofi kwa kuchelewa kuliona. Mwanamke akifiwa na mumewe anaingia chumbani kukaa eda, miezi minne na siku kumi. Havai cha kumpendeza, hatoki bila dharura, na wanaume wa nje hawaingii alipo. Watu wa pwani wanaiheshimu hali hiyo mpaka wanamtoa mwenyewe kwenye hesabu. Yunus alikuwa mtoto wa hapahapa. Alihoji nyumba nzima, akaupita mlango mmoja akiwa ameinamisha macho kwa adabu, wala haikumjia kwamba nyuma yake kuna mtu mwenye mikono.

"Namwomba aniruhusu niingie," alisema Mina. "Mimi na Dokta Adila. Wanawake tu."

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, kasha la mbao na dirisha dogo lenye pazia, lililotazama barazani. Harufu ya karafuu maiti ilikuwa bado ipo, kwa kuwa humo ndimo marehemu alimovishwa sanda na kipande kilichobaki kilikuwa juu ya kasha kwenye kisahani. Bi Zuleha alikaa kwenye mkeka, amevaa nguo nyeupe tupu, mdogo wa mwili, uso umetulia. Dokta Adila alipiga magoti akamshika mikono.

"Nisamehe, mama. Sikuwaambia."

"Najua hukuwaambia. Kuruthumu kaniambia wanakusumbua." Bi Zuleha alimgeukia Mina. "Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndimi. Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba. Huyu binti hana kosa. Mkoba aliuweka hapo juu ya kasha, akaenda kusaidia kupika. Nimekichukua mimi."

Alisema waziwazi, kama mtu anayesema amechota maji kwenye mtungi wake. Akainua mto, akatoa kinasa sauti, kidogo, cheusi.

Mina alichuchumaa ili wawe sawa. "Kwa nini hukumwomba mwenyewe?"

"Niombe nini? Alinisomea yeye mwenyewe, yule mwalimu, nimekaa na marehemu wangu pale nje. Kasema: mama, sauti ni yenu. Mkibadili nia wakati wowote mnaweza kuichukua, wala hakuna atakayewauliza sababu. Nikamuuliza, wakati wowote? Kasema wakati wowote. Mzee akamuuliza tena, akasema ndiyo. Mume wangu alikuwa hapendi simu. Hakukubali kupigwa picha, hakukubali kutuma sauti. Hajaacha hata neno moja popote ila humu. Nilipouona ule mkoba, na yeye ndiyo kwanza ametoka mlangoni kwenye jeneza, nikasema nachukua kilicho chetu. Nikakaa nasubiri mtu aje aulize, nimjibu. Hakuja mtu."

Dokta Adila alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Maneno yale niliyaandika mimi," alimwambia Mina. "Niko kwenye kamati ya maadili. Miaka yote tunayasoma haraka haraka ili tuanze kazi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuyatumia."

"Na ulijua ni yeye?"

"Nilikisia. Nilijua mahali nilipouacha mkoba. Lakini nikitaja chumba hiki, sajenti angekuja kugonga na kumtoa mtu eda kwa ajili ya kinasa sauti. Nikasema bora nikose hicho cheo."

Mina alimtazama mwanasheria huyu aliyekuwa tayari kuuacha uprofesa mlangoni pa mama asiye ndugu yake, na hasira aliyokuwa nayo tangu Dunda ikamtoka yote.

"Haya, nifundishe kazi yangu, dokta. Huu ni wizi?"

"Wizi unataka nia ya kuiba. Huyu amechukua akiamini ni haki yake, tena kwa ahadi aliyopewa na mwenye mkoba mwenyewe, mbele ya shahidi."

"Chombo ni cha chuo."

"Chombo wachukue," alisema Bi Zuleha. "Sikutaka chombo. Wanipe mimi aliyemo."

*

Dokta Mikdad alisikiliza habari hiyo amesimama barazani, kichwa kimeinama. Mina alipomaliza, mtu mwenye hadithi ya kila kitu alijibu kwa maneno machache.

"Nilimwambia kweli," alisema. "Wakati wowote. Nilimwambia."

"Piga simu," alisema Mina.

Alipiga palepale, sauti juu, ili wa ndani wasikie. Akawaambia watu wa chuo kwamba malalamiko yake ameyaondoa, kwamba Dokta Adila Kibwana hana kesi wala hakuwahi kustahili kuwa nayo, na kwamba Jumatatu kamati imjadili. Upande wa pili walikuwa na maswali marefu. Akawajibu yote kwa ufupi, jambo ambalo Yunus alisema baadaye kwamba ndilo lililomshangaza kuliko kesi yenyewe.

Dokta Adila alikuwa amesimama kizingitini. Alishusha pumzi, akakaa chini hapohapo juu ya mikeka iliyoviringishwa. Bi Kuruthumu alimletea maji.

"Adila," alianza Dokta Mikdad, "mimi—"

"Kwanza nakili mazungumzo ya mama. Kisha tutaongea. Na jina langu linatangulia."

"Linatangulia."

Yunus alicheka kwa sauti, na safari hii hakuna aliyemkataza. Walikubaliana kwamba kompyuta ya Dokta Adila, ambayo angalau mwenyewe aliiamini, itabeba nakala. Kwamba ya kwanza itawekwa kwenye simu ya Bi Kuruthumu ikae humo chumbani. Na kwamba kitabu kitatumia yale tu ambayo Bi Zuleha atayasikiliza na kuyaruhusu. Mina aliandika maneno ya kufunga jalada juu ya boneti ya gari. Adhana ilikuwa bado. Moyo wake ulikuwa mwepesi, kwa sababu mara chache kazi yake humalizika bila mtu kupanda nyuma ya gari.

Walikuwa wanaaga pazia la dirisha lilipotikisika.

"Mwalimu," Bi Zuleha aliita kutoka ndani. "Kabla hamjaondoka. Njoo hapo karibu na dirisha."

Dokta Mikdad alisogea, akasimama ubavuni mwa dirisha, macho ameyaelekeza uwanjani kama inavyopasa. Kitufe kilibonyezwa. Ikasikika kelele ya kuku, kiti kikasogezwa, kisha sauti nzito ya mzee, yenye mkwaruzo na utani ndani yake.

"Karibu, mwalimu. Umekunywa chai?"

Na mara ikafuata sauti ya Dokta Mikdad mwenyewe, ya haraka, yenye pupa: "Sasa mzee, hii minazi ya mpakani, ni nani aliyeipanda kwanza?"

Kinasa sauti kikazimwa.

"Umeona?" alisema Bi Zuleha. Hakukuwa na lawama katika sauti yake, hata kidogo. "Nimeisikiliza mara nyingi, na kila nikifika hapo inaniuma kwamba alikuuliza na hukumjibu."

Akakirudisha nyuma, akabonyeza tena.

"Karibu, mwalimu. Umekunywa chai?"

Safari hii Bi Zuleha alizima mapema. Dokta Mikdad alivua kofia yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Nimekunywa, mzee," alisema. "Ahsante sana."